Jina la Chaki ya Bluu

Likizo iliyopita nilitumwa sukari nikarudi bila sukari. Nilikuwa nimefika mbele ya duka la nguo lililokuwa la Mzee Hashim, pale Busia mjini, nikamkuta fundi wa rangi amefungua mkebe wa linsidi, yale mafuta ya kupaka mbao. Harufu yake ikanikamata pua vile mwalimu wa zamu hukamata sikio. Watu wengine wakinusa linsidi wanafikiria viti vipya. Mimi nafikiria kriketi. Najua, najua. Msichana wa Bukhayo, kidato cha tatu, kriketi ameitoa wapi? Ngojeni.

Fundi alikuwa ameshika kikwaruzio na anautazama ule mlango mkubwa wa mbao kwa upande wa ndani. Mbao zote zilikuwa tupu isipokuwa mahali pamoja, usawa wa kifua cha mtu mzima, ambapo kulikuwa na jina limeandikwa kwa chaki ya bluu: AMINI. Herufi N ilikuwa imegeuka, inaangalia nyuma kama mtu aliyeitwa na mdai wake.

"Huu uchafu nani aliandika?" fundi akauliza.

Nikaangalia viatu vyangu. Mwandishi alikuwa mimi, na uchafu huo nusura uvunje timu nzima ya Busia.

Nilikuwa na miaka minane. Baba yangu ni fundi cherehani, na siku hizo mashine yake ilikaa kwenye veranda ya Mzee Hashim. Nyumba yangu ya mchana ilikuwa chini ya meza ya mashine hiyo. Huko chini nilikuwa na serikali yangu: vipande vya kitambaa, vifungo visivyo na wenzake, na miguu ya watu wazima ya kusoma tabia zao. Baba akikanyaga pedali haraka, ujue kuna mtu amemwudhi. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani, ya marekani mpya isiyofuliwa, na ya mkate kutoka nyuma, ambako Bwana Amini alikuwa na tanuri lake. Na kila Alhamisi ilikuwa harufu ya linsidi, maana Mzee Hashim alitoa magongo yake ya kriketi, akayalaza kwenye benchi moja moja kama wagonjwa, na kuyapaka mafuta kwa kitambaa huku akiyasemesha.

Halafu kulikuwa na redio. Redio kubwa ya mbao, na waya wake ulipanda hadi juu ya mabati. Ikifika msimu wa kile walichokiita Testi, nchi mbili zinacheza kriketi siku tano, Mzee Hashim alikuwa anaweza kukuuzia mita nne za kitambaa ukiwa umelipa mita mbili, kwa sababu sikio lake halikuwa dukani. Walikusanyika hapo wanne: Mzee Hashim mwenyewe na miwani yake minene kama sehemu za chini za chupa, Osman, kijana wa malori, miguu mirefu, hajui kukaa, Bwana Amini na unga hadi kwenye nyusi, na baba, ambaye hakuwahi kushika gongo la kriketi maishani mwake lakini alikuwa na maoni ya kutosha timu mbili.

"Siku tano!" Osman alikuwa akisema. "Mzee, mimi naenda Mombasa na lori, nashusha mzigo, napakia mwingine, narudi hapa, na nyinyi bado mko kwa mchezo ule ule. Halafu mwisho wake droo!"

"Wewe unajua kuendesha," Mzee Hashim alijibu. "Hujui kungoja."

"Nenda pale forodhani uulize kama sijui kungoja."

Wote walicheka, hata Mzee. Lakini Osman hakuachia hapo. "Huko kwao wenyewe wameanza ile ya siku moja. Asubuhi unaanza, jioni mshindi amejulikana, unaenda nyumbani kula. Hii Testi inakufa, Mzee. Tuizike na heshima zake."

"Hiyo ya siku moja si kriketi. Hiyo ni mapumziko ya chai."

"Shida si siku," baba akaingia bila kuacha kushona. "Shida ni wapigaji. Siku hizi kila mtu anataka kupiga mpira ufike Tororo. Nani anajua kulinda vijiti? Hakuna. Mchezo umekufa kwa sababu watu hawana subira."

"Fundi, wewe suruali yangu ni wiki ya tatu. Subira unayo wewe tu."

Sasa, kitu kimoja mwelewe. Mimi sikuwa nimewahi kuona kriketi. Yale magongo ya kwenye benchi sikuyaunganisha na kriketi iliyotoka redioni. Kwangu mimi kriketi ilikuwa aina ya taarifa ya habari: mzungu mwenye sauti ya upole anasoma hesabu, anasema hali ya hewa, halafu ghafla watu wanapiga makofi na baba anatafsiri, "Huyo ametolewa. Wamebaki sita." Baadaye kidogo, "Mwingine ametolewa." Na mzungu wala hakasiriki, anaendelea kueleza mawingu.

Na huo ulikuwa wakati gani? Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Wahindi kutolewa Uganda. Shangazi yangu anakaa Malaba karibu na reli, na mimi nilikuwa kwake siku moja treni ilipopita polepole, madirisha yamefungwa, isipokuwa moja ambalo mama mmoja alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia kuku wa shangazi. Nilimpungia mkono, hakuona. Kwenye kizuizi cha barabara nilimwona mwanaume na karatasi, anasoma majina, na watu wenye masanduku wanajibu kama sisi darasani. Nilimuuliza shangazi ni nini. Akasema, "Wametolewa, mwanangu. Siku zao zimekwisha."

Binamu zake Bwana Amini walikuwa miongoni mwao. Walilala wiki nzima juu ya magunia ya unga pale kwenye tanuri, kisha wakaendelea na safari, wakaacha masanduku manne kwenye ujia wa nyumba kwa sababu hayakuwa na nafasi. Bwana Amini ana binti, Shirin, rafiki yangu hadi leo. Sisi tuliyatumia masanduku hayo kama viti, kama duka, kama ng'ombe. Lakini kila mtu mzima aliyepita pale alishusha sauti.

Kwa hiyo nipeni nafasi, msinicheke kabla ya wakati. Mtoto akishaona hayo yote, halafu akae chini ya cherehani wiki moja kabla ya Pasaka na kusikia mazungumzo kama haya, mlitaka aelewe nini?

"Amini atoke," Osman alisema siku moja ambayo Bwana Amini hakuwepo. "Namheshimu, ni mzee wangu, mkate wake ndio nimekulia. Lakini atoke. Nafasi yake wapewe vijana."

"Amekaa miaka kumi na nane," Mzee Hashim akasema.

"Ndiyo hiyo shida! Amekaa. Anakaa tu! Hatoki, haendi, haleti chochote."

"Tukimtoa yeye, kesho mtasema nani? Mimi?"

"Mzee, wewe ndiye mwenye orodha."

Pedali ya baba ilisimama. "Hata mimi naona ni wakati wake," akasema baba, kwa sauti ya mtu anayepima maiti. "Inauma, lakini ni wakati wake."

Mimi huko chini nilishika kifungo hadi kikanichoma kiganja. Baba yangu mwenyewe! Ambaye kila asubuhi anakula skonzi za Bwana Amini! Nilikimbia nyuma, nikamwambia Shirin habari yote: kuna orodha, inaandikwa Ijumaa, asiye kwenye orodha anatolewa, na baba yake hayumo. Shirin alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na minane, kwa hiyo nilikuwa mamlaka. Akaangalia yale masanduku manne, akasema polepole, "Ndiyo maana mama ameyapanguza vumbi jana."

Mama yake alikuwa anasafisha nyumba kwa ajili ya sikukuu, basi. Lakini nani angetuambia?

Orodha yenyewe ilikuwa desturi ya zamani. Kila Pasaka maduka yanapofungwa siku mfululizo, Busia na Malaba walicheza kriketi yao ya siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu. Waliiita Testi bila haya yoyote. Mwaka uliotangulia haikuchezwa, watu hawakuwa na moyo. Sasa ilikuwa inarudi. Na Ijumaa, wakitoka msikitini, Mzee Hashim alichukua chaki nyeupe ya shule akaandika majina kumi na moja upande wa ndani wa mlango wa duka. Sheria ilikuwa moja: kilichoandikwa mlangoni hakifutwi mpaka mechi iishe. Hakuna kubembeleza, hakuna rushwa ya biriani. Inasemekana mwaka fulani Mzee alikosea akaandika jina la mtu aliyekuwa amehamia Eldoret, na Busia wakacheza watu kumi siku zote tatu, kwa sababu mlango ulikuwa umesema.

Ijumaa hiyo nilimwona akiandika. Alikuwa anakaribia mbao hadi pua inagusa chaki. Alipomaliza alisimama nyuma, hakuona kitu, akaridhika. Wote wakaingia ndani kunywa chai. Mimi na Shirin tukaenda kusoma. Majina kumi na moja. Bwana Amini hayumo.

"Andika," Shirin akaninong'oneza.

"Yamejaa. Ni kumi na moja. Lazima mmoja aende."

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kwanza mkubwa maishani, na sijapata mwingine mgumu hivyo, hata hii aljebra ya sasa. Nani aondoke nchini? Nilisoma majina tena. Mwalimu wa hesabu ana watoto watano. Karani wa stoo ana mama mgonjwa. Mzee Hashim ana redio. Halafu nikafika namba sita: OSMAN. Hana mke, hana mtoto, na kubwa zaidi, ana lori. Mtu mwenye lori kuhama kunamsumbua nini? Anapakia tu.

Nikalamba kidole gumba, nikamfuta Osman. Chaki nyeupe Mzee alikuwa amekwenda nayo, kwa hiyo nikachukua ya baba, ile bapa ya bluu ya kuchorea kitambaa, nikapanda juu ya kiti, nikaandika AMINI. Nilijivunia sana. N ilinisumbua kidogo.

Jumamosi asubuhi veranda ililipuka.

"Nani ameniondoa? Mzee! Mimi ndiye niliyefunga mbio nyingi kuliko wote mara ya mwisho, na umemweka Amini? Amini!"

Mzee Hashim alienda kwenye mlango, pua ikagusa mbao. Akakaa hapo muda mrefu. Akanyooka, akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu.

"Mlango umesema," akasema.

"Mlango! Mlango una macho?"

"Zaidi ya yangu."

Bwana Amini mwenyewe alikuja na trei kichwani, akasoma jina lake, na trei ikayumba. Alirudi tanurini, na Shirin aliniambia baadaye kwamba alikaa juu ya gunia la unga, anatabasamu peke yake kama bwana harusi.

Suruali nyeupe iliyoshonwa ilikuwa ya Osman, ndefu kama mlingoti. Bwana Amini ni mfupi, na tumbo lake linafika mahali kabla yake. Baba alimpima palepale. Alipotafuta chaki yake akaipata upande mmoja umelika. Akaiangalia chaki. Akauangalia mlango. Akaviangalia vidole vyangu. Nikavikalia. Baba akasema tu, "Kiuno kitahitaji inchi sita."

Na Osman? Yeye ndiye aliyekuwa na lori, kwa hiyo timu iliyomtema ilipanda nyuma ya gari lake. "Nitawapeleka," akasema akiwasha injini. "Lakini mkishindwa mtarudi na miguu." Nilimwonea fahari. Mtu anaondoka nchini na bado anabeba wenzake.

Siku mbili za kwanza hatukwenda. Habari zilizorudi zilikuwa mbaya: Malaba wamepiga mbio nyingi, Busia hawawezi kuwafikia tena. Jumatatu kila mtu alitaka kuona mazishi, kwa hiyo wake na watoto wakaruhusiwa, na mimi na Shirin tukabanwa katikati ya sufuria. Kifuani nilikuwa nimeficha mkate mzima, tuliouiba pamoja, nimeufunga kwa kipande cha kitambaa cha ile suruali. Ulikuwa wa Osman. Kumfukuza mtu ni jambo moja. Kumfukuza na njaa ni jambo lingine.

Uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe, kando ya Malaba, na kwa mbali upande wa Uganda unaliona lile jiwe kubwa la Tororo limesimama peke yake kama jino. Hapo ndipo nilipoona kriketi kwa macho. Mtu anarusha mpira avunje vijiti vitatu. Mwenye gongo anavilinda. Akishindwa, watu wanapiga kelele, "Ametoka!" na yeye anavua glavu, anaondoka bila kuangalia mtu yeyote usoni. Kama wale wa kwenye treni. Nikasema moyoni, aha. Kumbe mlango ni mwanzo tu. Kumbe hapa ndipo wanapomalizia.

Baba alitueleza sheria ya siku hiyo. Kushinda hatuwezi. Lakini Malaba wakishindwa kutoa watu wetu kumi kabla ya jua kushuka hadi usawa wa kichwa cha jiwe la Tororo, itakuwa droo. Saa za mkono hazikutumika, kwa sababu za Busia zilikuwa zinakimbia na za Malaba zinalala, kulingana na nani anashindwa.

Bwana Amini aliingia baada ya chakula cha mchana. Wanne walikuwa wameshatoka. Sijui nitaelezaje alivyocheza. Alikuwa anausukuma mpira vile anavyosukuma trei kwenye tanuri: mbele kidogo, taratibu, halafu nyuma, mlango ufungwe. Tena. Tena. Hakukimbia. Hakujaribu hata kitu kimoja. Mpira ulianguka miguuni pake kama mbwa aliyechoka.

"Amini, lala tu, tukuletee mto!" watu wa Malaba walipiga kelele.

"Banange," mama mmoja Mganda aliyekuwa anauza njugu akauliza, "huyu mzee anapanda muhogo?"

Saa nzima mbio mbili. Upande wa pili wenzake walikuwa wanaanguka: wa tano, wa sita, wa saba mwalimu wa hesabu. Kila mmoja akiondoka Shirin alinikamata mkono zaidi, kucha ndani.

"Baba akitolewa tutapelekwa wapi?"

"London," nikasema.

"Huko kuna nini?"

Nikafikiri. "Kuna redio."

Ndipo akaanza kulia, kimya kimya, bila kupangusa, macho kwa baba yake. Na hapo moyo wangu ukaniambia nifanye lile jambo nililokuwa naliahirisha. Nikaenda alipokuwa Osman. Alikuwa amekalia bampa ya lori lake, mgongo kwa mchezo, anatafuna njiti ya kiberiti.

"Mjomba Osman. Hii ni ya njiani."

Akaushika mkate. "Njia gani?"

"Ya kwenda. Mimi ndiye nilifuta jina lako. Lakini wewe una lori, hutasumbuka. Na huna watoto."

Njiti ikaacha kutembea mdomoni. "Kwenda wapi, Nafula?"

"Kule wanakopelekwa wasiokuwa kwa orodha."

Nilitegemea kofi. Au kicheko, ambacho ni kibaya zaidi. Osman hakunipa chochote kati ya hivyo. Alimwangalia Shirin kule mbali na machozi yake, kisha akaiangalia sehemu ya nyuma ya lori. Mwaka ule uliopita lori hilo hilo lilikuwa limebeba watu wengi kutoka mpakani, watu na magodoro yao na sufuria zao, na yeye ndiye aliyekuwa anawapandisha wazee kwa mikono. Mimi sikukumbuka wakati huo. Yeye alikumbuka.

Akachuchumaa, magoti yake marefu pande zote za uso wangu. "Sikiliza. Hakuna mtu anaenda popote. Baba Shirin haendi. Mimi siendi. Huu ni mchezo tu."

"Mchezo wa nini?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hata mimi sielewi vizuri. Lakini ni mchezo."

"Na Baba Shirin akitolewa?"

"Atakuja hapa chini ya turubai, atapewa chai, atatukanwa kidogo, basi."

Nilikimbia kumwambia Shirin. Alinitazama kwa muda, akapangusa pua kwa mkono wa gauni, akanipiga teke. Lilikuwa teke la haki. Halafu tulikaa chini na kuangalia kriketi kama watu wengine, na ajabu ni kwamba moyo haukuacha kunidunda. Sasa najua hakuna anayefukuzwa, na bado sitaki atoke! Wenzangu, huo ndio ugonjwa wenyewe. Mpaka leo sijapona.

Nyuma yetu bonneti ililia. Osman alikuwa amepanda juu ya lori. Yule yule wa siku moja, wa kwenda nyumbani kula.

"Amini! Kaa hapo hapo! Usiguse kitu! Usiende mahali!"

"Wewe si ulisema atoke?" baba akamuuliza.

"Fundi, nyamaza ushone!"

Wa nane akaenda. Wa tisa akaenda. Aliyebaki wa mwisho alikuwa Mzee Hashim mwenyewe, akaingia na miwani yake na pedi zilizokuwa kubwa kuliko miguu, akasalimia mwamuzi ambaye kumbe alikuwa ni mchezaji wa Malaba. Jua lilikuwa juu ya jiwe kwa upana wa vidole viwili. Wazee hao wawili wakasimama hapo, mmoja haoni, mwingine hapigi. Mpira ukimjia Mzee alisikiliza, naapa, aliinamisha sikio, na mara mbili ulipita karibu na vijiti hadi uwanja mzima ukaguna. Kidole kimoja. Halafu mrushaji wa Malaba, kijana wa reli mwenye mabega kama mlango, akaja mbio kumrushia Bwana Amini kwa nguvu zote zilizobaki. Bwana Amini akasukuma trei. Mbele kidogo, nyuma. Mpira ukaanguka. Akainama, akauokota mwenyewe, akampelekea kijana mkononi kama mteja, na watu wote wakageuka kuangalia Tororo.

Jua na jiwe, sawasawa.

"Siku tatu!" shabiki mmoja wa Malaba alitupa kofia chini na kuikanyaga. "Siku tatu nimekaa kwa jua, halafu droo!"

Lakini upande wetu ungedhani tumeshinda dunia. Osman alimbeba Bwana Amini mgongoni, na suruali ya baba ikapasuka kiunoni mbele ya watu wote, na hakuna aliyejali isipokuwa baba.

Kwenye lori tulivyokuwa tunarudi ubishi ulianza kabla hata ya kupita reli: kama hiyo ilikuwa kriketi bora kuliko zote au ndiyo iliyoua mchezo rasmi. Osman alikuwa amemwachia mwingine usukani na amekaa nyuma nasi, anamega ule mkate na kumgawia kila mtu. "Bado nasema ni wazimu," alisema na mdomo umejaa. "Siku tatu ni wazimu." Hakusema mkate umetoka wapi. Bwana Amini aliutafuna, akakunja uso, akasema, "Huu ni wangu," na hakuna aliyemjibu.

Mzee Hashim aliniita kwa kidole. Nikaenda. Akainamisha ile miwani hadi nikajiona mara mbili ndani yake.

"Beti," akasema, hivyo ndivyo alivyomwita kila mtoto wa kike, "macho yangu ni mabovu. Lakini bluu naiona." Akaniacha nife kidogo. "Mwaka ujao uniulize kwanza."

Mwaka uliofuata haikuchezwa ya siku tatu. Vijana walishinda ubishi, ikawa siku moja, na Osman akaandika orodha yake kwenye karatasi. Ilikuwa tamu pia, siwezi kudanganya. Ikachezwa miaka miwili, halafu wengine wakahamia Kisumu, wengine wakazeeka, uwanja ukachukuliwa na watoto wa kandanda. Mzee Hashim alikwenda kukaa kwa binti yake, na redio akaenda nayo. Mlangoni hakuna aliyeandika tena, kwa hiyo hakuna aliyefuta. Chaki nyeupe iliondoka yenyewe, ikifutwa na mabega ya wateja. Lakini chaki ya fundi cherehani ina nta ndani yake. Haitoki.

Ndiyo maana nilikuwa nimesimama pale likizo iliyopita, sukari imenitoka kichwani, na fundi wa rangi ameinua kikwaruzio. Nilikuwa natafuta uongo mzuri wa kumwambia. Kabla sijaupata, lori lilifunga breki barabarani, na dereva akaruka chini injini ikiwa inanguruma. Osman siku hizi ana tumbo na ana wana wawili, lakini miguu ni ile ile.

"Boss! Hapo pita kando."

"Mwenye duka amesema mlango wote kijani."

"Mwenye duka nitaongea naye mimi. Hapo pita kando."

"Kwani huyo Amini ni nani? Ni mkubwa wako?"

"Hapana," Osman akasema. "Mimi ndiye nilifutwa hapo. Sitaki mwingine afutwe." Akanikonyeza, akarudi kwenye lori, na waliokuwa wanampigia honi nyuma yake akawajibu kwa mkono, bila haraka, kama mtu aliyejifunza kungoja.

Fundi alitikisa kichwa. Akachovya brashi, akapaka kijani juu, akapaka chini, akazunguka pembeni polepole, hadi pakabaki kisanduku cha mbao tupu, upana wa mkate mmoja, na jina ndani yake na N yake imegeuka. Harufu ya linsidi ikajaa veranda yote, ikapita ukutani, ikafika nyuma.

Na kutoka kwenye tanuri sauti ikapanda, ya mtu ambaye mdomo wake uko karibu na unga.

"Nafula! Ni wewe uko hapo? Mwambie huyo fundi asimalize hayo mafuta yote. Gongo langu limekauka!"